Barua ya wazi: kabla hamjachora stesheni ya Moshi, njooni kwanza mvuke reli na sisi

Kwenu wakubwa mnaoshika reli, mnaoshika barabara na mnaoshika mji wetu wa Moshi.

YAH: PA KUVUKIA RELI NA STESHENI YA MOSHI

Shikamooni. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua ya namna hii inatakiwa iende na muhuri wa mtendaji na nakala kwa fulani na fulani, hiyo nilishaandika mwaka juzi, nikaipeleka kwenye ofisi moja sitaitaja, dada wa mapokezi akanipokea vizuri tu, akaigonga muhuri, akaniambia niache namba ya simu nitapigiwa. Simu ninayo mpaka leo na laini sijabadilisha. Ndo maana hii naiandika hadharani, asome kila mtu na nyie mkiwemo.

Mi ni fundi cherehani. Naishi Pasua, cherehani yangu iko juu mjini kwenye baraza ya duka la vitambaa, asubuhi napanda jioni nashuka, na kati ya kwangu na kazini imelala reli. Siku sita kwa wiki, kwenda na kurudi, hizo ni mara 12, kwa mwaka inapita mara mia sita navuka. Marehemu mzee wangu alikuwa gangi, wale wa kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto, kwa hiyo reli siichukii hata kidogo, unga tuliokula nyumbani ulinunuliwa na reli. Nalisema hili mapema kabla hajatokea mtu wa kuniita mpinga maendeleo.

Ninachoomba ni kimoja, mengine yote humu ni maelezo yake. Siku mtakapokaa kuchora stesheni ya Moshi ya miaka ijayo, msianze na jengo. Anzeni na pa kuvukia. Mkishajua mtu wa miguu anapita wapi, mkokoteni unapita wapi, bajaji na lori zinapita wapi, juu au chini, ndo mchore stesheni iifuate hiyo njia. Mkianza na jengo la vioo alafu kivuko mkakitafutia nafasi mwishoni kwenye kipande kilichobaki, mtaweka ukuta, na sisi tutautoboa. Siwatishi, nawaambia tu binadamu alivyo, hakuna mtu wa Pasua atakayezunguka kilomita nzima kwenda kununua dawa ya mtoto Mawenzi wakati duka la dawa analiona kwa macho.

Kuna kitu nadhani mkikikumbuka mtaelewa kwa nini jambo hili ni zito kwa Moshi kuliko miji mingine. Mji huu ndo uliifuata reli. Mjerumani alianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, akasota nayo, hela zikaisha akasimama akaendelea tena, Korogwe kafika 1902, Mombo 1905, huku Moshi ndo 1911, kilomita kama 350 kwa miaka 18. Na Moshi ya wakati huo ilikuwa huko juu mlimani, ile tunaiita Old Moshi mpaka leo. Reli haikuweza kupanda kule, ikaishia hapa chini, basi mji ukashuka wenyewe ukaja kukaa pembeni ya stesheni na kuitwa Moshi Mpya. Mwingereza akaiendeleza mpaka Arusha mwaka 1929. Kahawa ikawa inashuka mlimani, inakobolewa hapa, inapakiwa kwenye mabehewa kwenda Tanga bandarini. Yaani maduka, viwanda, mitaa, vyote vilipangwa vikiangalia treni, na wakati ule upande wa chini wa reli kulikuwa mashamba na pori tu, hamna aliyewaza kwamba siku moja huko watajaa watu, kila asubuhi watataka kuvuka kuja upande wa pili.

Sasa wamejaa. Sensa ya 2012 ilituhesabu manispaa nzima 184,292, ya 2022 tumevuka laki mbili na ishirini, na eneo letu lote halifiki kilomita za mraba 60. Huko juu Shanty Town mnajua viwanja vilivyo, mtu wa kawaida hapati. Kwa hiyo tunashuka, Pasua, Bomambuzi, mpaka Mabogini huko ambako juzi tu palikuwa mpunga mtupu. Nyumba zinaongezeka chini ya reli, kazi zinabaki juu ya reli. Hiyo peke yake inatosha kuwaambia miaka 20 ijayo pale kivukoni patakuwaje hata kama treni haitaongezeka hata moja.

Na treni itaongezeka. Mizigo ilianza tena kuja Moshi 2019 katikati, Desemba ileile ikarudi treni ya abiria ya Dar baada ya miaka zaidi ya 20 bila treni ya abiria, mwaka uliofuata ikafika Arusha. SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ya Tanga, Arusha mpaka Musoma tunaisikia kwenye mipango ya serikali, zaidi ya kilomita elfu moja. AFCON ya 2027 nayo inakuja na Arusha wanajengewa uwanja. Sisemi yote yatatokea kesho. Nasema mchoro mtakaochora utakaa miaka mia, ule wa Mjerumani umekaa.

Hiyo miaka 20 na zaidi bila treni ya abiria ndo iliyotuharibia tabia, na hapa nasema sisi wananchi, siwasingizii nyie. Zamani mama alikuwa anatukataza kucheza relini na tulikuwa tunasikia kweli, kwa sababu treni tuliijua, ardhi ilikuwa inatetemeka. Alafu ikakata. Watoto wamezaliwa, wamesoma, wameoa, hawajawahi kuona behewa la abiria Moshi. Reli ikawa njia ya kutembelea, sehemu ya kuanikia mahindi, kijiwe cha kucheza drafti, mtu anafungia mbuzi kwenye reli anaenda zake. Watu wakajenga karibu, vijia vikachimbika kwenye tuta vyenyewe kwa nyayo. 2019 honi ilipolia tena kuna watu walisimama katikati wakatoa simu wapige picha. Kwa hiyo mkisema "wananchi wazingatie alama", sawa, tutazingatia, ila mjue mnazungumza na kizazi ambacho hofu ya treni hakikuirithi, na kibao cha SIMAMA kilichofifia hakiwezi kuirudisha.

Niwaeleze kisa kimoja nilichokiona kwa macho.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli, asubuhi saa moja kasoro hivi. Kijana mmoja anasukuma mkokoteni, magunia manne ya mchele wa Mabogini, anapandisha mjini. Mbele yake wanafunzi na masweta yao, nyuma yake baiskeli mbili zimebeba majani ya ng'ombe mpaka dereva haonekani, pembeni bajaji inapiga honi maana kwa bajaji honi ni kupumua. Pale kivukoni barabara haikati reli sawasawa, inaikata kimshazari, na lami iliyoko kati ya reli na reli imeshaliwa, limebaki shimo lenye kokoto na maji. Gurudumu la kulia likaingia kwenye ule mfereji wa pembeni ya chuma. Likanasa. Kijana akavuta, akasukuma, akazunguka mbele akavuta, wapi. Tukaenda watu watano kusaidia, matope, ndala zinateleza, mmoja anasema inueni mwingine anasema rudisheni. Hapo ndo tukasikia honi kwa mbali.

Aisee. Mama mmoja alitupa karai lake la maandazi chini akaanza kuvuta watoto wa watu kwa masweta. Kijana wa mkokoteni hakuondoka, mchele wenyewe si wake, ni wa tajiri, akawa anafungua kamba kwa meno. Tukapakua gunia moja, la pili likapasuka, mkokoteni ukawa mwepesi tukaunyanyua mzima mzima tukautupia upande wa juu. Tukakaa chini tunahema, tunasubiri treni ipite.

Kikapita kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa reli. Wanaume wanne wamevaa vizibao vya njano, wanakagua njia, mmoja akatupungia mkono.

Tulicheka mpaka machozi, nawaambia ukweli. Yule kijana hakucheka, alikuwa anaokota mchele kwenye kokoto punje kwa punje. Ila jioni nimerudi, nimekaa kwenye ngazi ya nyumba, nikawaza kwamba kama ingekuwa injini na mabehewa 20 ya saruji nyuma yake, dereva angetuona vizuri kabisa na asingeweza kufanya chochote. Mzee alikuwa anatuambia, treni ni chuma juu ya chuma, ikishashika breki inateleza, ya mizigo inaweza kwenda mita mia kadhaa mpaka karibu kilomita ndo isimame. Dereva anachobaki nacho ni honi na Mungu.

Ule mfereji ulionasa gurudumu hauwezi kuzibwa, hata hili mzee alinifundisha. Gurudumu la treni lina ukingo kwa ndani ndo unaolishika lisitoke njiani, ukizibia mfereji kwa lami treni ikija ukingo unapanda juu ya lami na hapo unatafuta balaa lingine. Lakini unaweza kupunguza madhara kwa vitu viwili na vyote si vya ajabu. Cha kwanza barabara ikate reli kwa pembe mraba, digrii 90, gurudumu linavuka mfereji badala ya kufuatana nao. Baiskeli, mkokoteni, kiti cha magurudumu, pikipiki, vyote vinanaswa na mshazari. Cha pili, katikati ya reli na pembeni yake pawekwe mabamba ya zege ya kupachika, siyo lami ya kumwaga. Lami pale inapondwa na malori kutoka juu na kutikiswa na treni kutoka chini, haidumu, kila masika mnarudi na karai la kiraka. Bamba la zege gangi wakitaka kushindilia kokoto wanalinyanyua, wanafanya kazi yao, wanalirudisha. Hili halihitaji kusubiri SGR wala mkopo wa nje. Hili ni la mwaka huu.

Tukija kwenye mchoro mkubwa wenyewe. Najua mtakachokuja nacho ni flaiova, maana flaiova inapendeza kwenye picha na mgeni rasmi anapata pa kukatia utepe. Sikatai. Ila fanyeni hesabu na sisi. Treni ya umeme ina waya juu yake, daraja lazima lipite juu ya waya, ukijumlisha na unene wa daraja lenyewe tuseme barabara inapanda mita 8. Kama mlima wake ni wa asilimia 5, unahitaji mita 160 za kupanda na mita 160 za kushuka, ukiacha kipande cha katikati. Hiyo ni zaidi ya mita mia tatu katikati ya mji wa Moshi, mitaa yetu yenyewe mifupi mnaijua. Maduka yote ya chini ya huo mlima yanabaki kivulini yanaangalia nguzo. Na baada ya kuijenga nani anaipanda? Gari, lori, bajaji kwa shida. Yule kijana na magunia yake manne hapandi mita 8 kila asubuhi. Bibi na mkungu wa ndizi kichwani hapandi. Watapita chini palepale pa zamani, na kama mmepafunga watapafungua.

Dar walituonyesha mfano mzuri, SGR pale katikati ya mji waliipandisha yenyewe juu ya nguzo zaidi ya kilomita mbili, barabara na watu wakaendelea kupita chini kama kawaida. Treni ikapanda, watu hawakupanda. Hiyo kwangu ndo heshima. Sijui kama Moshi tutapewa hela ya hivyo, nadhani hapana, ila wazo lake lishikeni. Wa kupanda na kushuka awe chombo chenye injini.

Ndo maana naomba magari makubwa yapewe daraja, lakini mbali kidogo na katikati, pembeni ambapo kuna nafasi ya huo mlima wa mita mia tatu, malori ya mizigo hayana sababu ya kupita kwenye pua ya stesheni. Alafu hapa katikati, mtu wa miguu, baiskeli na mkokoteni wapitie CHINI ya reli. Mtu akiwa amebeba mzigo kichwani anahitaji kimo cha mita 3 tu, siyo 8. Na ardhi yetu inatusaidia, mji wote umeinama kutoka mlimani kwenda Pasua, kila mtoto wa Moshi anajua ukiachia tairi Mawenzi linaenda lenyewe. Ukiingia upande wa juu unashuka kidogo, upande wa chini unatokea karibu usawa wa ardhi. Pimeni wenyewe, mna vifaa, mi nimepima kwa ndoo ya maji tu.

Hapa najua injinia atasema chini patajaa maji. Atakuwa sahihi, na nataka aseme kwa sauti kabisa kwa sababu hapa ndo miradi yetu inapofia. Masika ikishika, Machi mpaka Mei, maji ya kule juu yanashuka na barabara zote kama mito, na tuta la reli linafanya kazi ya bwawa, kuna makalavati yamejaa taka na chupa za plastiki, maji yanatafuta upenyo wake. Ukichimba andapasi bila kufikiria hilo umechimba kisima. Lakini kama sakafu yake imeinama kuelekea chini, na ukachimba mtaro mkubwa wa kukinga maji upande wa juu kabla hayajafika mdomoni, yaliyoingia yanatoka yenyewe bila pampu. Pampu msituletee. Pampu inahitaji umeme, fundi, spea na mtu wa kuilinda, na sisi wote hapa tunajua mwaka wa pili itakuwa wapi.

Na taa. Na pasiwe na kona, ukisimama mdomo wa huku uone mdomo wa kule. Binti yangu anatoka dukani saa mbili usiku. Sitaki kuandika zaidi hapo, mmeshanielewa.

Kitu kingine ambacho mchoraji wa mezani hawezi kukiona. Geti likifungwa ni lazima magari yapange foleni mahali. Ikitokea njia panda au mlango wa stendi uko mita 20 kutoka kwenye reli, gari la kwanza linasimama kumpisha mtu, la pili nyuma yake, la tatu, la nne limesimama juu ya reli na haliwezi kwenda mbele wala nyuma. Kwa hiyo mlango wa stendi msiuelekeze relini. Hata maegesho ya bajaji yasogezwe, najua watalalamika, na mdogo wangu mwenyewe ni dereva wa bajaji kwa hiyo nitalalamikiwa mezani.

Stesheni sasa. Hapa nitakuwa mfupi maana hili mmelisikia sana. Stesheni na stendi ya mabasi viongee. Sa hivi mtu akitoka Dar na treni anashuka na mabegi, anatakiwa aende Marangu, Machame, Rombo, Kibosho, anaanza kuuliza Hiace ziko wapi, anabebwa na toyo, anachajiwa bei ya mgeni hata kama amezaliwa Kibosho. Desemba ndo usiseme, Wachaga wote wanapanda nyumbani, tiketi za treni zinaisha, nauli ya basi inaruka, pale nje panakuwa mabegi, majogoo, magodoro, watoto wanalia, wapiga debe wanagombania begi la mtu. Na stendi mpya ya Ngangamfumuni tumeisubiri miaka, kama ndo itakuwa kituo kikubwa basi muwe mmeamua kabisa mtu wa treni atafikaje kule, kwa gari gani, kutoka mlango gani, siyo mwambie "utaona mbele ya safari".

Nina wasiwasi mmoja mkubwa, niutoe. Kwamba SGR ikija mtasema mjini hapana nafasi, stesheni ikae huko nje porini, mji utaifuata. Angalieni jirani zetu hapo. Kenya walifungua SGR yao 2017, stesheni ya Nairobi ikawekwa Syokimau, nje ya mji, ya Mombasa ikawekwa Miritini. Mtu anashuka Syokimau anapanda treni nyingine ya kumpeleka mjini, au anakaa kwenye foleni ya gari, muda aliouokoa njiani anaumalizia hapo. Dar stesheni ya SGR iko ubavuni mwa stesheni ya zamani, unashuka unatembea Kariakoo kwa miguu. Mi nimeshafanya safari hiyo, nimenunua vitambaa, nimerudi. Sasa chagueni tufanane na nani. Kama hakuna namna na lazima ikae nje, basi hii reli ya zamani, hii ya upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, msiing'oe, iwe ndo ya kuleta watu katikati. Njia imeshachimbwa, eneo lipo.

Kuhusu eneo, nawaomba mno, msilikate. Najua hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande, na nawajua watu waliomo ndani ya hizo mita 15, wengine ni wateja wangu, nimewashonea sare za harusi. Walikuja pale reli ikiwa imelala, wengine waliuziwa na watu waliojifanya wana mamlaka. Mkipita usiku na rangi nyekundu mkachora X, asubuhi mji utakuwa na vita. Piteni mchana. Kaeni nao, waambieni ni mwaka gani, watapewa nini, wataenda wapi. Ila na nyie upande wenu, lile eneo la stesheni lililo wazi msianze kulimegea mtu fremu za maduka, kituo cha mafuta, sijui ukumbi. Nimeona miji mingi, siitaji, kiwanja cha umma kinaanza kwa kupangishwa "kwa muda" na muda hauishi. Miaka 30 ijayo mjukuu wangu atahitaji jukwaa la pili na la tatu, na njia ya kupishana treni, na sehemu ya mabasi kugeuzia. Hivyo vyote vinahitaji ardhi tupu, na ardhi tupu katikati ya Moshi ikishaenda hairudi.

Jengo la zamani lisivunjwe. Hili sina sababu ya kiinjinia, mzee wangu alipokelea mshahara pale.

Najua swali litakalokuja kwenye kikao, hela iko wapi na treni zenyewe chache. Sawa. Basi fanyeni kwa mafungu. Mwaka huu mabamba ya zege, mnyooshe ile pembe, mzibue makalavati, muweke taa na mtu wa geti mwenye simu inayopokelewa na stesheni masta, siyo mtu wa geti anayesikia treni kwa masikio kama sisi. Mwaka unaofuata mchimbe njia ya miguu ya chini. Daraja la malori na stesheni yenyewe vije na SGR. Ila mchoro wa vyote uwe mmoja toka siku ya kwanza, na wa reli, wa barabara na wa manispaa mkae meza moja, kwa sababu sa hivi ukimuuliza wa barabara anasema pale ni pa reli, wa reli anasema lami siyo yake, wa manispaa anasema analisubiri jibu. Futi tano kila upande wa chuma hazina mwenyewe, na shimo liko hapohapo.

Na kabla hamjampa kazi konsaltanti, mtumeni akasimame kivukoni siku tatu. Siku ya kazi, siku ya soko na siku moja ya wiki ya Krismasi. Saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 2. Asihesabu magari peke yake, fomu nyingi nilizoziona zina kisanduku cha gari dogo, basi, lori, alafu basi. Ahesabu na vichwa vyenye mizigo, ahesabu mikokoteni, majani ya ng'ombe, watoto wanaoshikana mikono, wazee wenye fimbo. Ahesabu hata mbuzi kama anapenda.

Akija atamkuta mama wa chai, yule aliyetupa karai la maandazi siku ile, anakaa upande wa juu wa reli chini ya mti, ana jiko la mkaa na mabenchi mawili. Nilimsomea barua hii jana kabla sijaituma. Amesikiliza yote mpaka mwisho, mambo ya digrii 90 na asilimia 5, alafu akaniuliza kitu kimoja tu, hiyo njia ya chini mdomo wake utatokea upande gani wa mti, kwa sababu anataka kuhamisha jiko mapema kabla wengine hawajashtuka. Nimemwambia sijui ila nitawauliza. Namba yangu mnayo, iko kwenye ile barua yenye muhuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa Pasua